Begi Lililovuka Kisorya

Thadeo Wambura aliendesha gari la Shirika la Chemchemi kwa miaka minne, na katika miaka hiyo yote hakugonga hata mbuzi. Alijivunia jambo hilo kuliko mambo mengi. Kwao ni Butiama, lakini alihamia Musoma akiwa kijana, akapata udereva kwenye kiwanda cha nguo, akaoa, akajenga vyumba vitatu mtaa wa Kigera. Kisha serikali ikaanza kujitoa kwenye viwanda. Wafanyakazi wakapewa barua, geti likafungwa kwa mnyororo. Mwaka mzima Thadeo alishinda stendi akiomba kushika usukani wa mtu yeyote, na mkewe Justina akawa anakaanga samaki barazani ili watoto wale.

Aliyemtoa stendi ni jirani yake, Twalib Hamduni. Twalib alikuwa fundi mkuu wa Chemchemi, mtoto wa mshona viatu aliyekuja Musoma zamani kutoka Tabora. Alimshika Thadeo mkono mpaka ofisini kwao, akamsimamisha mbele ya meneja, akasema, "Huyu ni dereva, na si mwizi. Kwa hayo mawili naapa."

Kazi ya shirika ilikuwa kuchimba visima vya pampu ya mkono vijijini. Fedha zilitoka ubalozi wa nchi moja ya ng'ambo, nchi ya Waislamu, ambayo Thadeo aliijua kwa bendera tu, kwa kuwa bendera hiyo ilichorwa kwenye mlango wa Landkruza aliyoiendesha. Hakuna aliyeona ubaya wowote. Mvua kubwa za mwishoni mwa mwaka tisini na saba zilileta kipindupindu, na kijijini Suguti watu walizikwa wawili wawili. Kisima cha Suguti kilipotoa maji, mama mmoja aitwaye Boke, aliyezika wajukuu wawili mwezi uliopita, alipiga magoti akaweka kiganja chini ya bomba, akanywa, akakaa pale pale kwenye tope. Hakuna aliyemuuliza kama anajua bendera ile ni ya nani.

Kila baada ya miezi mitatu Katibu wa Pili wa ubalozi, Bwana Munzir, alikuja kutoka Dar kukagua visima. Wakubwa wengine waliokuwa wakipanda gari la Thadeo walikaa nyuma. Munzir alikaa mbele. Alimenya machungwa kwa kisu kidogo na kumpa dereva vipande akiwa kwenye usukani. Walipopita Butiama alitaka kumwona mama yake Thadeo, akamwamkia kwa Kizanaki alichofundishwa njiani, kwa makosa matupu, na mama akacheka mpaka akashika ukuta. Thadeo hakuisahau siku hiyo. Mtu mkubwa kumchekesha mama yako ni jambo.

Mwezi wa sita, mwaka tisini na nane, Munzir alisema anataka kwenda Kisorya. Walitoka Musoma asubuhi, Munzir mbele, Twalib nyuma na vifaa vyake. Walipita Bunda, wakashika barabara ya vumbi inayokwenda ziwani, wakakagua kisima kimoja njiani, na saa nane mchana wakafika kwenye kivuko. Feri ilikuwa imetia nanga, watu wa Ukerewe wanapanda na kuku wao, baiskeli na magunia.

Munzir alitoa begi la kijani chini ya kiti. Akampa Twalib.

"Yule pale," alisema, akionyesha kwa kidevu mtu mrefu aliyesimama karibu na feri. "Mpe. Ni msaada wa msikiti wa kule kisiwani. Wanataka bati."

Twalib alishuka, akatembea na begi mpaka kwa yule mtu. Wakasalimiana, wakasemezana maneno machache, begi likabadili mkono. Yule mtu alicheka, na jino la fedha likang'aa. Kisha akapanda feri, Twalib akarudi, Thadeo akawasha gari. Hayo yote hayakufika dakika kumi. Njiani waliongea habari za mpira.

Mwezi wa nane bomu likalipuka Dar es Salaam.

Kigera watu walikusanyika kwenye redio za wenzao. Justina alilia, kwa sababu dada yake alikuwa Dar, na siku nne hawakujua kama ni mzima, mpaka simu ilipopatikana posta. Alikuwa mzima. Twalib alisimama kwenye mlango wa Thadeo na kusema, "Waliofanya hivi Mungu awalaani mpaka kizazi cha saba," na Thadeo akaitikia amina.

Wiki ya tatu maofisa walifika Musoma kutoka Dar. Walitia lakiri kwenye mlango wa Chemchemi, meneja wakamchukua, Landkruza ikapelekwa uani kituo cha polisi. Siku ya pili wakamwita Thadeo. Hawakumfunga mikono. Walimkalisha kwenye chumba chenye meza moja na dirisha wazi, na ofisa mmoja mwenye sauti ya upole akaingia na karatasi.

"Kaa, mzee Wambura. Umekunywa chai?"

"Nimekunywa, afande."

"Mimi niite Apolinary. Unasali wapi?"

"Mimi Mkatoliki. Nasali hapa hapa mjini."

"Na mimi Mkatoliki." Akatabasamu. "Basi tutaelewana. Wewe siyo mwenzao."

Thadeo alitaka kujibu. Alitaka kusema kwamba miaka minne alikula sahani moja na Twalib, kwamba ni Twalib aliyemtoa stendi. Lakini alikuwa hajaulizwa hayo, na chumba kile hakikuwa mahali pa kusema usichoulizwa.

Apolinary aliuliza safari zote, moja moja. Thadeo alikuwa na kumbukumbu nzuri ya barabara, kama madereva wengi. Alitaja Suguti, Butiama, vijiji vya Bunda. Alipofika Kisorya, ofisa alisimamisha kalamu.

"Kisorya kuna kisima?"

"Hakuna."

"Mlienda kufanya nini?"

Thadeo akasema alichokiona. Begi la kijani, mtu mrefu mwenye jino la fedha, feri. Hakuongeza, hakupunguza. Wazazi wake walimfundisha kwamba ukweli haumdhuru asiye na kosa, na yeye aliamini kwamba Twalib hana kosa. Ofisa aliandika muda mrefu, kisha akamsomea.

"'Nilimwona Twalib Hamduni akimkabidhi mtu nisiyemjua begi zito, kwa siri, kwenye kivuko cha Kisorya.'"

"Afande, mimi sikusema kwa siri."

"Walitangaza kwa kipaza sauti?"

"Hapana."

"Walikwambia wewe ndani mna nini?"

"Walisema msaada wa msikiti. Bati."

"Begi lina bati?"

"Fedha ya bati, nadhani."

"Unadhani. Waliandikishana? Walipeana risiti? Kulikuwa na kiongozi wa kijiji hapo, au mwenyekiti wa msikiti?"

"Hapana."

"Basi mzee, kitu kikipita mkono kwa mkono kivukoni bila karatasi wala shahidi, Kiswahili chake ni nini?"

Thadeo alitafuta neno lingine, hakulipata. Nje watu walikuwa wanapita na baiskeli. Apolinary alimsogezea karatasi na kalamu, bila haraka, bila kupandisha sauti.

"Ukitia sahihi wewe ni shahidi. Usipotia, wewe ni dereva wa gari lililobeba hilo begi."

Akatia sahihi. Alikuwa na mwandiko mzuri, alifundishwa na mapadri. Ofisa alimshukuru, akamwambia asimsimulie mtu yeyote, kwa usalama wake mwenyewe.

Jioni ile alimwambia Justina tu. Justina aliacha kuparua samaki.

"Umesema kweli?"

"Nimesema kweli."

"Basi kosa liko wapi, baba Kija?"

Asubuhi ya pili, akiwa anapiga mswaki uani, aliona gari likisimama kwa Twalib. Walimtoa akiwa amevaa kandambili. Twalib aligeuka kumtafuta mtu wa kumkabidhi mke wake, na macho yake yakatua kwa Thadeo. "Jirani," alisema kwa sauti, "mwangalie Mwanaupe." Gari likaondoka.

Mwanaupe, mke wa Twalib, alikuja saa ile ile. Alikuwa mwanamke mfupi, mshonaji, asiyependa kuomba mtu kitu.

"Shemeji, jana wewe walikuita. Walikuuliza nini?"

"Mambo ya gari. Mafuta, safari, nani alipanda."

"Twalib hawakumtaja?"

"Hawakumtaja," Thadeo alisema.

Baada ya kusema hivyo mara moja, hakuweza tena kusema vingine.

Mambo makubwa yalitokea juu yao, na wao wakayasikia redioni kama watu wengine. Serikali ilisema ina sababu za kuamini kwamba maofisa wa ubalozi ule walifadhili vikundi vya ugaidi. Munzir alipewa saa arobaini na nane kuondoka nchini. Nchi yake ikasema huo ni uongo na matusi, ikamfukuza balozi wa Tanzania. Tanzania ikafunga ubalozi wao. Wakafunga wetu. Wanafunzi waliokuwa wakisoma kule wakarudishwa na mabegi yao. Bungeni watu wakasimama na kupiga meza. Mjini Musoma mtu aliyetaka kumtania mwenzake mwenye kanzu na kofia alimwita Chemchemi, na msikitini watu walianza kumwangalia kila mgeni mara mbili.

Twalib hakushtakiwa. Aliwekwa ndani "upelelezi unaendelea", kwanza Musoma, kisha akahamishiwa mkoa mwingine. Ndugu zake wa kiume, wenye maduka sokoni, waliacha kupita Kigera. Mmoja alisema waziwazi kwamba ana leseni ya biashara na watoto, aachwe. Kwa hiyo kila Mwanaupe alipokuwa na safari ya kwenda kwa mkuu huyu au ofisi ile, aliyemsindikiza ni Thadeo. Alimwandikia barua kwa mwandiko ule mzuri. Alikaa naye kwenye mabenchi. Alimbebea kikapu cha chakula mpaka geti la gereza, kikarudi bila kufunguliwa; mara mbili tu Mwanaupe aliruhusiwa kumwona mumewe, yeye akisimama nyuma.

Bunda kulikuwa na wakili, Bwana Magige, aliyekubali kuwasikiliza. Aliwasikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Nimezungumza na wapelelezi. Majalada sioni kwa sababu hakuna kesi. Ila nimeambiwa kuna begi. Lilitolewa Kisorya."

"Begi gani?" Mwanaupe aliuliza. Kisha akamgeukia Thadeo. "Shemeji, Kisorya si mlikuwa wote?"

"Nilikuwa kwenye gari," Thadeo alisema. "Nilisinzia."

"Sasa nani aliwaambia?"

"Labda watu wa kivuko."

Wakili alimtazama Thadeo kidogo, kisha akaendelea. "Ndani ya begi mlikuwa na nini? Watu wawili ndio wanaoweza kusema. Aliyelitoa na aliyelipokea. Aliyelitoa yuko kwao. Ningeweza kuomba maelezo yake ya kiapo, lakini barua ya namna hiyo hupitia ubalozini. Wa kwao umefungwa. Wa kwetu umefungwa. Nitaipitishia wapi?"

"Posta," Mwanaupe alisema.

"Mama, itafika. Lakini karatasi atakayorudisha haitakuwa na muhuri unaotambuliwa hapa. Kwa serikali yetu, sasa hivi, kule hakuna mtu."

Waliituma posta hata hivyo. Ilirudi baada ya miezi mitatu, imegongwa muhuri kwa herufi wasizoweza kusoma.

Ndipo Thadeo alipoamua kumtafuta aliyelipokea. Hakumwambia Mwanaupe. Alijiambia kwamba akimpata yule mtu, na akiona bati mpya juu ya msikiti, ataenda kwa Apolinary kwa miguu yake na kusema futa lile neno. Alipanda basi mpaka Kisorya, akavuka na feri, akauliza njia. Alipelekwa kwenye msikiti mdogo wa matofali ya udongo, karibu na mwalo wa wavuvi. Imamu alikuwa fundi seremala aitwaye Shomari, kijana bado, mikono imejaa vumbi la mbao.

Thadeo alisema ametoka Musoma, anamtafuta mtu mrefu, ana jino la fedha.

Shomari aliweka randa chini. "Wewe ni polisi?"

"Mimi dereva tu. Rafiki yangu yuko ndani kwa ajili ya huyo mtu."

"Walishakuja polisi. Nitakwambia nilivyowaambia wao. Yule alifika hapa akijiita mfanyabiashara wa sangara. Alisali na sisi wiki tatu. Msomaji mzuri wa Kurani, watu wakampenda. Alisema ana rafiki ubalozini, atatuezekea msikiti. Siku moja mwezi wa sita akavuka kwenda Kisorya, akarudi na begi, nilimwona kwa macho yangu. Kesho yake akapanda boti ya Mwanza. Hakuaga."

"Na bati?"

Shomari alimshika mkono, akamwingiza ndani, akanyoosha kidole juu. Nusu ya paa ilikuwa nyasi zilizooza. Nusu nyingine ilikuwa haina kitu. Mbayuwayu walikuwa wanaingia na kutoka.

"Jina lake halisi hata sisi hatulijui," alisema Shomari. "Nyumba aliyokaa alisema ya mjomba wake, na mwenye nyumba anasema hamjui. Kaka, mimi nimefikiri sana. Kama fedha ile ilikwenda mahali pabaya, basi ilisali hapa na sisi kwanza."

Thadeo alirudi kwenye feri akakaa juu ya gunia la mtu. Alikuwa amekuja kutafuta kitu cha kumtoa rafiki yake, akakuta kitu cha kumfungia zaidi. Alifikiri juu ya Munzir akimenya chungwa. Alifikiri juu ya mama yake ameshika ukuta kwa kucheka. Alijaribu kuweka pamoja mkono ule na watu waliotoka nyumbani kwao asubuhi ile kwenda kazini Dar es Salaam wasirudi, na kichwa kikakataa. Labda Munzir naye alidanganywa. Labda yule mrefu aliiba tu fedha za bati akaenda kula Mwanza. Labda siyo. Hapakuwa na mtu duniani ambaye Thadeo angeweza kumuuliza.

Hakumwambia Mwanaupe kwamba alikwenda. Hakumwambia wakili.

Mwaka tisini na tisa ulikuwa mbaya kwa kila mtu. Ulaya ilikataa sangara wetu, viwanda vya samaki vikasimama, vijana wa Kigera wakarudi kukaa vibarazani. Thadeo aliomba kazi mahali pengi, na kila mahali walipoona jina la Chemchemi kwenye barua zake walizirudisha kwa ncha za vidole. "Ni wewe wa magaidi?" Mhindi mmoja alimuuliza, wala hakuwa na ubaya, alitaka kujua tu. Mwishowe mfanyabiashara mmoja wa Bunda, aliyekuwa ameanza kununua pamba baada ya chama cha ushirika kuishiwa nguvu, akampa lori bovu la kubebea marobota.

Kwa lori hilo alipita Suguti siku moja. Boke alimwona, akasimama katikati ya barabara mpaka akafunga breki.

"Baba, pampu imekufa. Inataka raba ya ndani tu. Twalib alikuwaga anabadilisha kwa nusu saa."

"Raba ziko stoo, mama. Stoo imefungwa na serikali."

"Si wafungue watoe moja?"

"Hawawezi. Ni kizibiti."

Boke hakulijua neno hilo. Thadeo alimweleza kwamba ni kitu cha kesi. Boke akauliza raba nayo ilifanya kosa gani. Nyuma yake wanawake walikuwa wanapanda kutoka mtoni na ndoo za maji ya rangi ya chai. Mvua zilipokuja, kipindupindu kilirudi, na Thadeo alisikia kwamba Boke mwenyewe alikuwa mmoja wa waliozikwa.

Mwezi wa saba, mwaka elfu mbili, alikuwa anapeleka pamba Musoma. Pale Makutano askari wa barabarani alimwashiria aegeshe pembeni. Magari mengine yalikuwa yameshasimamishwa. Waliambiwa kuna msafara.

"Wa nani?" Thadeo aliuliza.

"Balozi mpya," askari alisema. "Anakwenda Butiama kuweka shada kwenye kaburi la Mwalimu."

Pikipiki zikapita, kisha gari jeusi, na mbele ya gari kulikuwa na bendera ambayo Thadeo aliiosha kwa sabuni kila Jumamosi kwa miaka minne. Hakusikia redio wiki hizo, lori halikuwa nayo. Baadaye alisimuliwa kwamba mawaziri wa nchi mbili walikutana mahali, wakashikana mikono, wakasema tuhuma zile zilitokana na kutoelewana, na kwamba sasa kutakuwa na biashara ya nyama na safari za ndege. Nyuma ya lori lake makuli walikuwa wamekaa juu ya pamba, wanapunga mikono kwa msafara, kwa sababu ni desturi kupunga.

Wiki mbili baada ya hapo Twalib aliachiwa. Hakuna aliyemwomba radhi, hakuna aliyemwambia aliwekwa ndani kwa nini. Alipewa nauli ya basi na barua yenye mstari mmoja. Miezi ishirini na miwili. Alishuka stendi ya Musoma akiwa na uzito wa mtoto, anakohoa ndani ya kitambaa, na alipoonwa na daktari kifua kikuu kilikuwa kimeshakula sehemu kubwa.

Thadeo hakwenda siku ya kwanza, wala ya pili. Siku ya tatu Justina alimsukuma mlangoni. Twalib alikuwa amelala kwenye mkeka uani, juani. Mwanaupe alileta kigoda, akaenda sokoni, akawaacha.

"Walinisomea," Twalib alisema.

Thadeo alitazama chini.

"Mwezi wa kwanza tu. Yote, mpaka sahihi. Nikasema, kweli huu mwandiko wa Thadeo."

"Sikusema kwa siri. Lile neno waliliweka wao."

"Najua. Lakini ulitia sahihi."

"Nilitia."

Twalib alikohoa, akapumzika. Nyumba ya tatu mtu alikuwa anatwanga.

"Mbona shemeji hukumwambia?" Thadeo aliuliza. "Alikujaga kukuona mara mbili. Ungemwambia."

"Nilitaka. Mara ya kwanza nilitaka sana. Nikamwangalia, nikamwona wewe umesimama nyuma yake na kikapu." Akafunga macho. "Ndugu zangu walimkimbia. Ulibaki wewe. Ningekuondoa na wewe, angesindikizwa na nani?"

Thadeo alilia kwa mara ya kwanza tangu azike baba yake. Twalib alimwacha alie, hakumfariji, wala hakumfukuza.

"Twalib, ndani mlikuwa na nini?"

"Sijui."

"Nilikwenda Ukerewe. Hawakuona bati hata moja."

"Hayo pia waliniambia." Alijigeuza kwenye mkeka. "Lilikuwa zito. Nilipolibeba nilijiuliza, huyu ni mtu wa ubalozi, ana dereva, ana gari, mbona kitu cha msikiti anakipitisha mkononi mwangu? Nilijiuliza hivyo kutoka garini mpaka kwenye feri. Kisha nikaacha kujiuliza. Kazi ilikuwa nzuri, Thadeo. Watu walikuwa wanapata maji. Nilitaka iendelee."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya mwisho ya maana. Siku nyingine Thadeo alipokuja walikaa tu. Mwezi wa tisa Twalib alikufa. Ndugu zake wa sokoni walirudi, wakabeba jeneza, wakalia kuliko wote. Chemchemi haikurudi. Ubalozi mpya ulisema haujui shirika hilo.

Mwanaupe alipotoka eda aliamua kuhamia Bunda kwa dada yake, kwa sababu nyumba ya Kigera ndugu za mume walikuwa wameshaanza kuiulizia. Hakuwa na mtu mwenye gari ila Thadeo. Alikuja na lori, akapakia kitanda, cherehani, sufuria na magunia mawili ya nguo. Mwanaupe alikaa mbele, kwenye kiti cha abiria. Walipita Makutano.

"Shemeji," alisema, "nimekaa eda nafikiri. Dunia nzima ilitukimbia, wewe hukukimbia. Hata ndugu wa tumbo moja hafanyi ulivyofanya. Marehemu alikuwaga anasema, usimsahau Thadeo."

"Alisema hivyo?"

"Kila siku."

Thadeo alikaza macho kwenye barabara. Sasa, alifikiri. Hapa, kabla ya Bunda. Alipunguza mwendo ili asikike. Gari lilikuwa linatikisika, cherehani inagonga ubao nyuma.

"Wale watu wa kivuko," Mwanaupe alisema. "Waliosema uongo wao mpaka mtu akafa. Mimi siwezi kuwasamehe. Nikisali nawataja wao kwanza, kabla ya kuomba kitu kingine. Mungu atawalipa, sivyo?"

"Atawalipa," Thadeo alisema.

Walifika Bunda saa saba. Alimshushia vitu vyote, akaingiza kitanda ndani, akakaza skrubu za cherehani zilizolegea njiani. Dada mtu alimletea maji ya kunywa, Mwanaupe akamshika mikono yote miwili akamwombea dua. Kisha Thadeo akaenda kwenye kinu cha pamba kupakia mashudu. Kulikuwa na malori sita mbele yake. Alizima injini, akasubiri zamu.